Sketingi, kornisi na fremu za nyumba ya kisasa: jibu kwa dada anayejenga Mamboleo

Swali: Mimi na mume wangu tunajenga nyumba ya vyumba vitatu hapa Mamboleo, Kisumu, ya mtindo wa kisasa. Paa limefichwa nyuma ya ukuta, madirisha ni makubwa ya alumini, sebule na sehemu ya kulia chakula zimeunganishwa. Fremu za milango tumeshanunua lakini hazijafungwa. Plasta inaanza wiki ijayo. Sebule, jikoni na korido zitawekwa taili za sentimita 60 kwa 60, vyumba vya kulala laminati (zile mbao za sakafu za kiwandani), na dari ni jipsamu kote. Fundi wetu anasema nyumba ya kisasa haiwekwi sketingi (ukanda wa chini ya ukuta) wala kornisi (ukanda wa juu, ukuta unapokutana na dari), kuta zibaki tupu. Mume wangu anataka sketingi za mvule kama zilizokuwa kwa babake. Fundi wa jipsamu ameleta kornisi za maua. Nimeshindwa kuamua. Tuchague nini, na tuanzie wapi tusije tukalipia kazi moja mara mbili?

Jibu: Dada, umeuliza wakati unaofaa. Plasta ikishapigwa, nusu ya haya ninayokuandikia hayatakusaidia tena. Soma pamoja na mume wako, kisha mwiteni fundi mkae naye kabla hajachanganya saruji.

Nianze na neno la fundi, kwa sababu ndilo linaloweza kuwatoa pesa nyingi zaidi. Ni kweli mtindo huu haupendi mapambo ya pembeni. Lakini sketingi, kornisi na ule ubao unaozunguka mlango, ambao mafundi huuita akitrevu, kazi yao ya kwanza si urembo. Kila kimoja hukaa mahali ambapo vitu viwili visivyofanana vinakutana: plasta na taili, plasta na mbao, ukuta na jipsamu. Vitu hivi havinywei wala havitanuki kwa kiasi kimoja, na hakuna fundi anayeweza kuviunganisha visiachane kabisa. Ubao unafunika pale panapoachana. Ukiuondoa, mwanya bado upo, ila sasa kazi ya kuuficha imeangukia mpiga plasta, mfunga fremu na fundi wa taili, na lazima wote watatu wafanye kazi isiyokosea hata milimita chache. Ndiyo maana ukuta mtupu mnaouona kwenye picha ni ghali kuliko ukuta wenye sketingi, ingawa una vitu vichache.

Fundi wa kumaliza ukuta hivyo yupo, na kazi yake inapendeza sana. Mwambie wenu awapeleke kwenye nyumba moja aliyoifanya namna hiyo, ambayo watu wameishi ndani yake masika moja na kiangazi kimoja. Tazameni pale ukuta unapogusana na sakafu na pale unapogusana na fremu. Kama hana nyumba ya kuwaonyesha, yenu isiwe ya kujifunzia.

Hata akiwa nayo, kuna jambo la maji. Kwetu sakafu haifagiliwi tu, hupigwa deki. Ndoo, sabuni, kitambaa kikubwa, na maji husukumwa mpaka yanapogonga ukuta. Plasta isiyo na sketingi hunywa maji hayo kila asubuhi. Baada ya miezi michache utaona mstari wa kahawia chini ya ukuta, halafu rangi huvimba na kubanduka vipande vipande, na dawa yake ni kukwangua na kupaka upya kila mwaka. Katika nchi ambazo picha hizo hupigwa, wengi husafisha sakafu kwa mashine ya kunyonya vumbi na mopu yenye unyevu kidogo tu. Hapa Kisumu mimi sitamshauri mtu yeyote aache ukuta mtupu kwenye chumba cha taili. Jibu langu la kwanza basi ni hilo: wekeni sketingi, lakini nyembamba, bapa, isiyo na mikunjo.

Sebuleni, jikoni na kwenye korido tumieni taili ileile ya sakafuni, ikatwe vipande vya sentimita 10. Haiozi, mchwa hawaili, na rangi yake ikifanana na ya sakafu, chumba huonekana kipana. Shida ni ukingo wa juu. Taili moja ya 60 kwa 60 hutoa vipande sita vya karibu sentimita 10, yaani mita 3.6 za sketingi. Lakini katika hivyo sita, ni viwili tu vyenye ukingo wa kiwandani, laini na uliomaliziwa. Vinne vya katikati vina ukingo wa msumeno pande zote mbili, na ukiugeuza juu utaonekana kila unapokaa kwenye kochi, hasa kama taili ni zile ambazo rangi iko juu tu na ndani ni udongo wa rangi nyingine.

Hapo hesabu hubadilika. Tuseme sebule yenu ina mzunguko wa mita 24 baada ya kutoa milango. Fundi akitumia vipande vyote na kulainisha kingo kwa diski ya almasi, taili 7 zinatosha. Akitaka kingo za kiwandani peke yake, atahitaji 20. Boksi la taili za ukubwa huo kwa kawaida lina vipande 4, kwa hiyo ni maboksi 2 dhidi ya 5, na bado hatujagusa jikoni wala korido. Mkinunua taili ambayo rangi na mwili ni kitu kimoja mpaka ndani, ukingo ukilainishwa vizuri huwezi kuutofautisha na wa kiwandani. Vunjeni kipande kimoja dukani mtazame ndani kabla ya kulipa. Njia nyingine ni kuweka ukanda mwembamba wa alumini juu ya sketingi. Ukanda huo unafunika ukingo wote, na unaendana na madirisha yenu.

Tena, kwa sababu plasta bado, mnaweza kuizamisha sketingi ya sebuleni ilingane na uso wa ukuta. Plasta ya kawaida ina unene wa milimita 15. Taili ya milimita 10 na gundi ya milimita 5 zinatimiza 15 hizohizo. Mpiga plasta husimamisha kazi sentimita 10 juu ya sakafu iliyomalizika, anaweka ukanda wa alumini pale, na chini yake anaacha ukuta bila plasta. Taili ikiingia, kochi na kabati vinakaa ukutani kabisa, na hakuna kidaraja cha kushika vumbi. Huu ndio usasa ninaoupenda, kwa sababu unafanya kazi yake na bado hauonekani.

Ila kuna sharti. Lazima fundi ajue sakafu iliyomalizika itaishia wapi kabla sakafu yenyewe haijakuwepo. Mwambieni apige mstari wa usawa kuzunguka nyumba nzima, kwa mpira wa maji au kwa leza, mita 1 kamili juu ya sakafu itakayokuja. Kila kitu kipimwe kutoka kwenye mstari huo: sketingi, vizingiti vya milango, soketi, kaunta ya jikoni. Akianza kuwaambia kwamba atakadiria kwa macho, achaneni na kuzamisha na mbandike sketingi juu ya plasta kwa kawaida. Itatokeza sentimita moja na nusu hivi, na bado itakuwa nadhifu.

Vyumba vya kulala ni hadithi nyingine. Laminati hailazwi ikagusa ukuta. Huachiwa nafasi ya milimita 8 hadi 10 kuzunguka chumba kizima ili ipate pa kutanukia, na hapa kando ya ziwa, masika ikiingia mwezi wa Machi, hutanuka kweli. Ikikosa nafasi hujiinua katikati ya chumba na kulia unapoikanyaga. Nafasi hiyo lazima ifunikwe na sketingi, na sketingi hiyo iwe na unene wa milimita 15 au zaidi, ifungwe ukutani tu. Msumari usipite kwenye laminati hata mmoja, wala silikoni isijazwe chini, kwa sababu vyote viwili vinaifunga isisogee.

Kwa vyumba hivyo mna njia tatu za maana. Ya kwanza ni MDF, ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, iliyopakwa rangi. Ni nyoofu, haina vifundo, na ni rahisi, kwa sababu shiti moja ya futi 8 kwa 4 ikipasuliwa vipande vya milimita 90 hutoa 13, na hiyo ni karibu mita 32 za sketingi, zaidi ya chumba kimoja na nusu. Lakini MDF ya kawaida ikinywa maji huvimba, na ikishavimba hairudi. Ulizeni ile inayostahimili unyevu, ambayo viwanda vingi huitia rangi ya kijani ndani. Msitegemee rangi peke yake. Ombeni kipande cha pembeni dukani, pimeni unene wake, kitieni kwenye ndoo ya maji usiku kucha, mpime tena asubuhi. Ya kawaida itakuwa imefura kingo zake mpaka kidole kinahisi bila rula. Nzuri itakuwa imebadilika kidogo sana.

Ya pili ni sipresi, ambayo huku hutujia sana kutoka pande za Elburgon na Eldoret. Ni mbao nzuri kwa kazi hii, haipindi ovyo na inashika rangi, ila inunuliwe ikiwa kavu. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na ina ziwa mlangoni. Nakuru, jirani ya Elburgon, iko karibu mita 1,850 na hewa yake ni kavu zaidi. Mbao iliyokaushwa kule hunywa unyevu kidogo ikifika hapa, na iliyotoka msituni mwezi jana itanywea popote mtakapoiweka. Kwa kazi ya ndani unyevu wa mbao uwe kama asilimia 12 hadi 14. Kipimo cha umeme cha unyevu wa mbao si ghali na seremala wa kweli anacho. Kama hana, leteni mbao ndani ya nyumba, zipangwe juu ya vijiti hewa ipite, zikae wiki kadhaa kabla ya kukatwa. Vifundo vipakwe shelaki, aina ya vanishi, kwanza, la sivyo utomvu utatoka kama doa la chai kupitia rangi nyeupe.

Ya tatu ni plastiki. Inafaa kwa nyumba ya kupangisha, mahali ambapo maji ni mengi na subira ni kidogo. Kwenye nyumba yenu wenyewe sitaiweka. Pembe zake hufunikwa kwa vifuniko vya duka, na jicho huvikuta mara moja.

Mimi kwenu ningetumia MDF ya kustahimili unyevu, kimo cha milimita 90, ukingo wa juu ukiwa mraba uliosuguliwa kwa msasa kidogo tu ili rangi ishike. Pande zote ziguswe na rangi ya msingi kabla ya kufungwa, hata mgongo unaoelekea ukutani, na hasa ukingo wa chini. Huo ndio unaopigwa na maji na ndio mafundi wengi huuacha bila rangi kwa sababu hauonekani.

Sasa mvule wa mzee. Mume wako hajakosea kuupenda. Kiini cha mvule mchwa hawakiwezi, hukaa miaka mingi bila kuoza, na rangi yake huzidi kuiva kadiri nyumba inavyozeeka. Lakini zile sketingi ndefu za nyumba za zamani, kama zile za mtaa wa Milimani hapa Kisumu, ziliwekwa kwenye vyumba vyenye dari ya juu sana, na hapo ubao wa inchi 6 ulikuwa na mahali pake. Kwenye chumba chenye dari ya mita 2.7 ubao huo unaukata ukuta na kuufanya mfupi. Tena siku hizi mvule mwingi unaofika kwetu hutoka Uganda na Kongo, na bei yake mnaijua.

Ushauri wangu ni kwamba mvule uende milangoni. Fremu na akitrevu za mvule zisizopakwa rangi, zilizopigwa vanishi isiyong'aa, kwenye ukuta mweupe au wa kijivu hafifu, zitafanya nyumba ionekane ya kisasa na yenye asili yake. Hapo ndipo mkono unagusa kila siku na hapo ndipo mbao nzuri inalipa. Mkinunua, kataeni sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe yenye rangi ya maziwa, kwa sababu wadudu huila kama mbao nyingine yoyote. Seremala naye ajifunge kitambaa au barakoa anaporanda, maana vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua. Na akikuta ndani yake kitu kigumu cheupe kinachopofusha randa, asishangae. Mvule huweka mawe yake mwenyewe ndani ya shina.

Kuhusu hiyo milango, hapa ndipo naomba mtulie. Umesema fremu zimenunuliwa na hazijafungwa. Kama kuta za ndani ni za mawe ya inchi 6, ukuta una milimita 150. Ongezeni plasta ya 15 kila upande, unafika 180. Fremu ya kawaida ya inchi 6 kwa 2 ikisharandwa haifiki hata 150. Maana yake, ikilingana na plasta upande mmoja, upande wa pili itakuwa imezama zaidi ya sentimita 3, na akitrevu haiwezi kukaa pale. Mafundi wengi hujaza pengo hilo kwa plasta na kulipaka rangi, kisha Januari na Februari hewa ikikauka, mbao hunywea na mstari wa ufa hujichora kuzunguka mlango mzima. Hilo ndilo lalamiko ninaloletewa zaidi kwenye nyumba mpya, na watu hudhani msingi umepasuka.

Dawa yake ni moja kati ya mbili. Aidha fremu iongezwe upana kwa ubao wa mvule hadi itimize 180, akitrevu ikae pande zote mbili. Au upande uliozama usiwe na akitrevu kabisa, plasta iishie kwenye ukanda wa alumini na iache mwanya mnyoofu wa milimita 10 kati yake na fremu. Mwanya wa kukusudia ulionyooka jicho linaupokea. Ufa wa milimita moja unaotangatanga jicho halitauacha.

Akitrevu yenyewe iwe bapa, upana wa milimita 60 au 70, na iwe nene kuliko sketingi. Kama sketingi ni ya milimita 15, akitrevu iwe 18 au 20. Sketingi ikija kugonga ubavu wa akitrevu, iishie ndani kidogo, pawe na kivuli chembamba. Zikilingana unene, kosa dogo la fundi huonekana. Sketingi ikizidi, ukingo wake uliokatwa hujitokeza nje na kushika uchafu wa kila anayepita. Tena akitrevu isilingane na ukingo wa ndani wa fremu, irudishwe nyuma milimita 5 sawasawa kuzunguka. Ni kitu kidogo, lakini kuanzia hapo mtu anayejua kazi hutambua kama nyumba ilimaliziwa na seremala au na mtu yeyote aliyekuwa karibu.

Kornisi za maua zirudishwe. Sizidharau, zinapendeza kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili yake, lakini kwenu zitagombana na kila kitu kingine: madirisha, taili, milango bapa. Zaidi ya hayo, maua hayo ni maelfu ya vishimo vya utando na vumbi. Lakini fundi wenu naye asiende upande wa pili akaiunganisha jipsamu na ukuta kwa puti tu. Dari yenu imening'inia kwenye mbao au vyuma chini ya paa la mabati, na paa hilo hupata joto mchana na kupoa usiku kila siku. Dari inacheza, ukuta hauchezi. Ufa utakuja, ni suala la miezi.

Badala yake, jipsamu iishie kwenye ukanda wa chuma au wa alumini na kuacha mwanya wa kivuli wa milimita 10 au 12 kuzunguka chumba. Dari itaonekana kama imejitenga na ukuta, na ikicheza hakuna atakayejua. Kama kuta hazikunyooka vizuri huko juu, mwanya huo utaonyesha kila wimbi, na hapo ni heri kornisi ndogo isiyo na umbo lolote, ukanda wa mraba wa sentimita 5, uliopakwa rangi ya dari. Hilo mtaliamua plasta ikishapigwa, si leo.

Namna ya kuliamua ni hii. Ingieni usiku na tochi. Ilazeni tochi karibu na ukuta, mwanga utambae juu yake kutoka pembeni. Kila bonde na kila kilima kitatupa kivuli. Halafu chukueni rula ya alumini ya mita 2 muiegemeze ukutani mahali mbalimbali, hasa juu karibu na dari na chini karibu na sakafu. Pengo chini ya rula likizidi milimita 3 mara nyingi, ukuta huo haufai kwa mwanya wa kivuli wala sketingi ya kuzamishwa. Arudie au mchague kinachofunika. Fundi mwambieni mapema kwamba mtafanya hivyo. Anayejua kuwa tochi inakuja hunyoosha ukuta tangu mwanzo.

Kuna pambo moja la dari ambalo mtaletewa na ningependa mlikatae: kijia cha taa za ukanda kilichofichwa kuzunguka dari. Nairobi sawa. Kwetu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao huinuka kwa makundi makubwa, hasa siku za mwezi kuandama, na hufuata mwanga popote ulipo. Wataingia humo usiku na kufia humo, na kijia cha sentimita 10 kilicho mita 2.6 juu si mahali pa kupitisha kitambaa kila wiki. Mkitaka mwanga laini, wekeni taa za ukutani zinazoshuka chini.

Kitu ambacho ningekitengea nafasi darini ni pazia. Kabla jipsamu haijapigwa, mwambieni fundi aache mfereji mbele ya madirisha makubwa, upana wa sentimita 20 kama mnataka mapazia mawili, jepesi na zito, na aweke ubao imara juu yake wa kushika skrubu za reli. Pazia likitoka darini moja kwa moja hadi sakafuni, dirisha huonekana refu na hamtahitaji boksi la pazia. Ikishafungwa dari bila mfereji huo, kuuongeza ni kubomoa.

Zile mbao za plastiki zenye mifereji ambazo kila mtu anaweka nyuma ya televisheni, ukuta mmoja unatosha, na uishe kwenye ukanda wa alumini, usiishe hewani.

Kuhusu rangi, sketingi za vyumba vya kulala zipakeni rangi ileile ya ukuta, lakini iliyo ngumu, ya mafuta au ya maji ya aina ya satini, inayofutika. Nyeupe tupu chini ya ukuta huonyesha kila alama ya deki na kila kiatu cha mtoto, na Mamboleo wakati wa mvua mnajua tope lilivyo. Na siku ya kupaka rangi hiyo au vanishi ya mvule, kazi ianze asubuhi na iwe imekauka kwa kugusa kabla ya jua kutua. Madirisha yafungwe jioni na taa zizimwe. Wadudu wa ziwani wakishatua kwenye rangi mbichi hawatoki ila kwa msasa.

Mbao na MDF zisifungwe mpaka plasta ikauke. Saruji inahitaji wiki nne hivi, na masika huongeza muda. Bandikeni karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, izibwe pande zote kwa utepe, muiache hadi asubuhi. Mkikuta matone ndani yake, subirini. Ukuta ukiwa mkavu, fundi afunge sketingi kwa plagi na skrubu kila sentimita 50 au 60, vichwa vizame na vijazwe. Misumari ya saruji hupasua plasta changa na baadaye hulegea. Aanze na pembe moja ya ndani na moja ya nje kwenye chumba kimoja, aimalize mpaka rangi, mwiangalie pamoja. Hiyo ndiyo iwe kipimo cha malipo ya vyumba vingine, na mwandikiane hivyo.

Kwa mfuko wenu, pesa ziende kwanza kwenye kunyoosha plasta, halafu milango, halafu sketingi. Dari ije mwisho, kwa sababu mwanya wa kivuli hauhitaji kornisi ya kununua.

Kabla ya Jumatatu fanyeni mambo mawili tu: mstari wa usawa wa mita 1, na kupima fremu zote upana kwa milimita, moja moja, msitegemee maneno ya muuzaji. Zikiwa chini ya 180, nitumie vipimo hivyo pamoja na picha ya mlango wa mbele na unene wa ukuta wake, maana ukuta wa nje mara nyingi ni mnene zaidi na fremu yake haifuati hesabu hii ya ndani.